Choo, bati au mwalimu: ubishi wa wazazi wa Uvira

Mvua ikipiga milimani usiku kucha, mama wa Uvira mwenye mtoto anayevuka mto kwenda masomo hatazami saa kwanza. Anatega sikio. Mto Mulongwe ukinguruma kwa sauti nzito, sauti ya mawe yanayobingirishana, mtoto atabaki nyumbani hata kama siku hiyo kuna mtihani. Ikiwa ni maji tu yanayopita, atavaa shati jeupe na sketi ya buluu, atatia daftari zake ndani ya mfuko wa plastiki, ataondoka. Hakuna ofisi iliyowahi kuandika kwamba mto ule ni mpaka wa shule. Lakini muulize mzazi wa mtaa ule mtoto wake anasoma wapi na kwa nini, jibu litaanzia mtoni.

Uvira, huku Kivu Kusini ya Kongo, ni mji mrefu usio na upana. Mashariki kuna ziwa Tanganyika, magharibi milima ya Mitumba imesimama wima kama ukuta, na katikati kimebaki kipande cha ardhi ambacho barabara ya taifa namba 5 inakipita kutoka Kavimvira, penye forodha ya mpaka wa Burundi, hadi bandari ya Kalundu. Mito inashuka kwa kasi na kuukata mji vipande: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Kiangazi unaivuka kwa kuruka mawe. Masika inachukua nyumba. Kila shule ya mji huu imejengwa ama karibu na mto, ama karibu na ziwa, ama kwenye mteremko, kwa sababu mahali pengine hapapo.

Nchi nyingine, Marekani kwa mfano, mara nyingi anwani ya nyumba ndiyo inayomchagulia mtoto shule ya umma. Mstari ukisogezwa mtaa mmoja, wazazi hujaa ukumbini kugombana, na bei ya nyumba hupanda au kushuka. Sisi hatuna mstari huo. Hakuna wa kumwambia mzazi wa mtaa wa Kimanga kwamba mwanawe haruhusiwi kuandikishwa mtaa wa Kakombe. Ndiyo maana mgeni akisikia kuwa watu wa Uvira hubishana juu ya mipaka ya shule anaweza kudhani tunatania. Mipaka ipo, tena mingi, ila imechorwa na mto, na kanisa, na makuta, yaani pesa, ya mzazi, na orodha ya mishahara iliyoko Kinshasa. Huo wa mwisho hauonekani kwa macho, na ndio mgumu kuuvuka kuliko mto wowote.

Tembea barabarani usome vibao. Hapa shule ya msingi ya Katoliki. Pale 5e CELPA. Mbele kidogo 8e CEPAC. Namba hizo humchanganya asiyezizoea. Ni za jumuiya za Kiprotestanti zilizo chini ya Kanisa la Kristo Kongo, kila moja na namba yake. Ya tano ilitokana na kazi ya wamisionari wa Kipentekoste wa Norway, ya nane na ya wale wa Sweden, na hii ya nane ndiyo yenye hospitali za Lemera na Panzi alikofanyia kazi Daktari Denis Mukwege. Wakatoliki wana dayosisi yao Uvira tangu 1962. Kuna shule za Wakimbangu, kuna za Waislamu, na kuna zile ambazo watu huziita ofisyeli, yaani za serikali bila kanisa kati.

Zote hizi, kisheria, ni shule za umma. Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, mambo yakamshinda, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia saini mkataba wa kuwarudishia makanisa usimamizi. Tangu hapo ndoa hiyo haijavunjika wala haijatulia. Serikali huweka programu ya masomo, hutuma wakaguzi, na ndiyo inayotakiwa kumlipa mwalimu. Kanisa, kupitia ofisi yake ya kordinasyo, husimamia shule na kupendekeza wakuu wake. Mzazi mwenye lalamiko ana milango miwili ya kubisha, na kila mlango una desturi ya kumwelekeza kwenye mwingine. Kama ni choo, jengo ni la kanisa. Kama ni mwalimu, mwajiri ni serikali. Nyayo za viatu vya wazazi wa nchi hii kati ya ofisi hizo mbili zingetosha kuchonga barabara.

Dini yenyewe haigawi watoto kama mtu anavyoweza kudhani. Mtoto wa Kiislamu kwa masista, mtoto wa mchungaji kwa mapadri, hilo halimshangazi mtu. Huu ni mji uliopokea Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa wafanyabiashara wa Ujiji, ukakifanya lugha ya soko na ya sala zote. Na hadi leo mtoto wa darasa la kwanza huanza kwa Kiswahili kabla Kifaransa hakijamjia na vitisho vyake. Kinachogawa ni mashindano ya wenye shule. Kila jumuiya inataka shule yenye kibao chake, kila mwanasiasa anataka shule aliyoiombea kibali, na nchini kote matokeo ni yale yale: shule mbili zinapigana vikumbo mtaa mmoja, na mlima mzima hauna hata moja.

Sasa twende mkutanoni, maana huko ndiko ubishi unakoiva.

Kila shule inapaswa kuwa na kamati ya wazazi, COPA, inayochaguliwa na wazazi wenyewe, na baraza la usimamizi, COGES, wanamokaa mkuu wa shule na wawakilishi wa walimu na wazazi. Kwenye karatasi COGES ndiyo inayoamua matumizi. Aliyewahi kukaa mkutano mkuu wa wazazi anaujua mwendo wake: watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu kifuani, Papa Direkta mbele na daftari, sala ya kufungua, kisha mambo mengine. Mama anayeuza ndagala ataomba choo, kwa sababu binti yake wa darasa la tano ameanza kukaa nyumbani siku fulani za mwezi na hataki kusema kwa nini. Baba wa pikipiki atasema mwalimu apewe chochote, la sivyo ataenda shambani kwake na watoto watacheza mpira mpaka saa sita. Mzee mmoja atataka ukuta, kwa maana mbuzi na wapita njia wamefanya uwanja wa shule kuwa njia ya mkato. Na Papa Direkta mwenyewe atakumbusha, kwa upole, kwamba madarasa matatu yanavuja na Novemba haiko mbali. Mabati, au manjanja kama tunavyoyaita huku, yamepanda bei tena.

Wote wana haki. Pesa iliyoko kwenye daftari haitoshi hata jambo moja kati ya hayo manne.

Ili kuelewa kwa nini ubishi huo ni mchungu namna hii lazima turudi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imefilisika, mishahara ya walimu ilikuwa imegeuka karatasi zisizonunua sabuni, migomo ikafunga shule. Wazazi na makanisa wakapatana: mzazi ampe mwalimu nyongeza ili darasa lifunguliwe. Tukaiita prime. Ilikuwa dawa ya muda. Dawa hiyo ilinywewa kwa karibu miaka 30.

Sisi tuliosoma wakati huo tunakumbuka neno kufukuzwa, na halikuwa na maana ya kosa. Direkta aliingia darasani na orodha, akasoma majina, na wenye majina wakachukua mifuko yao. Mimi nilisomwa mara nyingi kiasi kwamba nilijifunza kuanza kufunga daftari akiwa bado mlangoni. Wengine walinyimwa buletini mwisho wa mwaka: umefaulu, lakini karatasi inayosema umefaulu imefungiwa kabatini hadi baba alete deni.

Na pesa ile haikubaki shuleni yote, jambo ambalo wazazi wengi walilijua nusu nusu. Sehemu ilipanda ngazi. Ilikuwapo hesabu ya mgawanyo, iliyojulikana kwa maofisa wote: kiasi hiki kwa ofisi ya kordinasyo, kiasi hiki kwa wakaguzi, kiasi hiki kwa utawala wa elimu wa mkoa. Mama wa ndagala alipotoa franka zake akidhani ananunua chaki, alikuwa pia anaendesha ofisi asizozijua, kwa sababu serikali haikuzipa ofisi hizo fedha za kuendeshea kazi. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kodi ya ajabu kuliko zote zilizowahi kutozwa Kongo: ilikusanywa kwa watoto, darasani, ikapanda juu bila kupita hazina ya taifa.

Kisha ukaja mwaka 2019. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure, na sheria ya elimu ya Februari 2014 ikarudia. Maneno hayo yalikaa kitabuni miaka 13. Rais Félix Tshisekedi akayatoa: Septemba 2019 masomo yalipofunguliwa, prime ya shule ya msingi ikapigwa marufuku nchi nzima. Serikali imekuwa ikitaja watoto zaidi ya milioni 4 walioingia au kurudi darasani kutokana na uamuzi huo. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kuusaidia mpango huo.

Watu wa Uvira hawakuwa wageni wa jambo hilo, kwa sababu walikuwa wameliona kwa jirani. Burundi ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2005, na kutoka Kavimvira hadi Gatumba ni mwendo wa baiskeli. Walisikia jinsi watoto walivyomiminika hadi madarasa yakazidiwa. Uganda ilikuwa imetangulia 1997, Kenya 2003. Kote huko hadithi ilianza kwa vigelegele na kuendelea kwa kukosa madawati. Kongo ilikuwa na nafasi ya kujifunza kwa majirani wote hao, lakini tulifungua mlango kwanza, nyumba tukaijenga baadaye, pale tulipojenga.

Darasa lililokuwa na watoto 50 likapata 100. Mama wa ndagala, ambaye alikuwa akichagua ni mtoto yupi kati ya wanne asome mwaka huu, aliwapeleka wote wanne. Hilo lisisahaulike katika makala yoyote inayoikosoa gratuité, yaani huo mpango wa elimu bure, hii ikiwemo. Lakini zamani aliweza angalau kumwambia Papa Direkta: mimi nimelipa, choo kiko wapi? Sasa hakuwa na risiti ya kushika mkononi.

Hapa ndipo unapotokea ule mpaka usioonekana. Ili mwalimu wa shule ya umma alipwe, lazima jina lake liwemo katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Kazi ya kuitunza orodha hiyo ilikuwa ya SECOPE, ofisi iliyoundwa miaka ya 1980 kuhesabu walimu, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Shule ikikubaliwa na orodha, watu husema imekanizwa. Isipokubaliwa, inaweza kuwa na kibali halali, kibao, kengele, watoto 400, na walimu ambao kwa serikali si watu. Tuna majina yao: N.P., wasiolipwa, na N.U., vitengo vipya, yaani waliomo shuleni lakini bado wanangoja mlango wa orodha. Wengine wamengoja miaka mingi. Huku wakingoja, wakaguzi wa fedha wa serikali walifichua shule hewa na walimu hewa ndani ya orodha hiyo hiyo, wakilipwa bila kukosa. Mwalimu wa kweli hayumo, wa kubuni yumo. Hata mtunzi wa vichekesho angeogopa kuandika hivyo.

Kabla ya 2019 mwalimu wa N.P. aliishi kwa prime. Prime ilipofutwa, alifutwa nayo. Kwa hiyo katika mtaa mmoja unakuta shule mbili za umma, umbali wa kutupa jiwe: moja walimu wake wanalipwa, ni bure kweli, na imefurika, nyingine walimu wake hawamo orodhani, na wazazi wanachanga kimya kimya, wakiita mchango huo majina mbalimbali ili mkaguzi asiutambue. Kuchanga huko kumekatazwa. Mzazi anayechanga anavunja agizo la serikali ili mwanawe asome katika shule ya serikali. Na mzazi asiye na cha kuchanga anampeleka wake kule kwenye watoto 100. Huo ndio mpaka wa shule wa Uvira. Hakuna ramani yake.

Nimesikia watu waliokaa ofisini wakisema wazazi hao ni wajinga wanaoharibu sera njema. Sikubaliani nao. Mzazi anayetoa franka zake kwa mwalimu asiyelipwa ananunua kitu anachokiona: mtu mzima aliyesimama mbele ya watoto saa moja na nusu asubuhi. Hata walimu wanaolipwa wamegoma mara kadhaa. Waligoma 2021, na Septemba 2024 shule za umma za Kivu Kusini zilifunguliwa na mgomo, walimu wakidai mshahara unaofanana na kazi, dola 500 zikitajwa. Shule za binafsi zilikuwa zikifundisha siku hizo hizo. Watoto wa mtaa mmoja wakaachana wiki kadhaa za masomo, wenye pesa wakiendelea, wengine wakiuza mandazi barabarani.

Pamoja na hayo, nikikaa kwenye dawati lile la mtoto na kuombwa kura yangu, ningepigia choo na maji. Najua baba wa pikipiki atanikasirikia. Hoja yake ni nzuri: choo kizuri katika shule isiyo na mwalimu ni choo cha mbuzi. Lakini prime ni deni lisilo na mwisho. Kila mwezi linaamka upya, na kila mwezi wazazi wakilipa, Kinshasa inapumua. Choo hujengwa mara moja, na hapa Uvira kinafaa kijengwe kabla ya ukuta, hata kabla ya bati.

Kipindupindu huku si mgeni. Uvira imo katika sehemu chache za Kongo ambazo ugonjwa huo hauondoki, mwaka baada ya mwaka. Watafiti walichukua takwimu za 2009 hadi 2014 wakalinganisha siku ambazo mabomba ya Regideso, shirika la maji la serikali, yalikauka na idadi ya wagonjwa walioingia kituo cha kipindupindu cha mji. Matokeo, yaliyochapishwa 2015 katika jarida la PLoS Medicine, ni haya: baada ya siku isiyo na maji kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaoshukiwa huongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Tangu hapo mtandao wa maji umepata fedha za Wafaransa na msaada wa wakfu wa Veolia, na mabomba mengi yamefikia mitaa ambayo ilikuwa ikiteka ziwani. Lakini bomba la mtaani si bomba la shuleni. Watoto 800 kwenye matundu manne ya choo, bila maji ya kunawa, halafu wote wananunua embe lililokatwa kwa mama mmoja aliye mlangoni: hesabu hiyo haihitaji mtafiti.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 uliwafundisha wazazi somo jingine la matumizi. Mvua ilijaza mito, Mulongwe ukatoka kwenye njia yake, ukapita katikati ya watu. Makumi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na makumi ya maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Hata mtambo wa maji wa mji, unaochota kwenye mto huo huo, uliharibika. Walionusurika walikimbilia wapi? Shuleni na makanisani. Shule zilikuwa tupu kwa bahati, kama neno bahati linafaa: zilikuwa zimefungwa nchini kote mwezi uliotangulia kwa sababu ya korona. Agosti zilipofunguliwa kwa madarasa ya mitihani, baadhi ya familia hazikuwa na pa kwenda. Wazazi wa wanafunzi na wazazi waliohamishwa na maji, ambao mara nyingi walikuwa watu wale wale, wakajikuta pande mbili za mlango mmoja. Madawati mengine yalikuwa yamekwisha kuwa kuni. Sijui ni nani angewalaumu.

Tangu hapo kila mkutano una mtu anayeuliza kabla ya swali la bati: hapa tunapoezeka, mto utapaacha? Ziwa nalo limeongeza swali lake. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua za miaka hii zimelijaza hadi likapanda 2021 na tena 2024, likaingia mitaa ya ufuoni na kufanya viwanja vya watu kuwa bandari. Shule inayopakana na ziwa haiwezi kusogea nyuma. Nyuma kuna barabara, na nyuma ya barabara kuna mlima. Kuezeka upya darasa ambalo ziwa linalihesabia miaka ni kupeleka mabati kwa samaki. Lakini kununua kiwanja kipya juu ya mteremko ni gharama ambayo hakuna COPA itakayoichanga kwa salongo, kazi ya pamoja, na mifuko kumi ya saruji.

Serikali inayo mipango ya ujenzi, na hapa napo kuna mpaka. Mpango wa maendeleo wa maeneo 145, ulioanza 2022, unajenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila teritware ya nchi, kazi ikigawanywa kwa mashirika matatu, likiwemo PNUD la Umoja wa Mataifa. Soma jina lake vizuri: ni wa teritware. Uvira ilipewa hadhi ya mji kwa agizo la 2013, pamoja na komini zake za Kalundu, Mulongwe na Kagando. Tulipigania hadhi hiyo tukaipata, na siku ya kugawa shule tukakuta mji si teritware. Teritware ya Uvira ipo bado, ndiyo inayotuzunguka: Bavira, Bafuliiru, bonde la Rusizi. Mzazi wa ukingoni mwa mji anaweza kusimama mlangoni kwake akaona upande wa pili wa mstari ambako mpango unaruhusiwa kujenga.

Na bondeni, kuamua shule ikae kijiji kipi si jambo la fundi na futi. Kule utemi unagombaniwa kati ya Bafuliiru na Barundi kwa vizazi, na jengo la umma ni ushahidi: jina la kijiji na la utemi lililoandikwa juu ya mlango wa shule litatajwa siku moja mbele ya hakimu, au mbaya zaidi. Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa katika kijiji cha Mutarule kwa usiku mmoja. Tangu hapo siwacheki tena wazee wanaobishana nusu siku juu ya neno moja kwenye kibao.

Kisha vita. Februari 2025 Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na nyuma yake watu waliokuwa wakikimbia. Shule zikawa malazi tena. Desemba 2025 M23 ikaingia Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi, wengine na watoto waliokuwa katikati ya muhula. Daftari la COPA ambalo watu waligombania lilibaki kwenye kabati, au halikubaki.

Mtu wa mbali angefikiri katika hali hiyo hakuna anayejali tena matundu ya choo. Kinyume chake. Vita imefanya swali liwe kali zaidi, maana shule iliyolaza familia 60 ndiyo inayojua matundu manne yana maana gani.

Kuna mpaka mmoja zaidi, na huu unaupima kwa hatua. Sheria ya 2014 inasema elimu ya msingi kwa maana pana, éducation de base, ni miaka minane: sita ya zamani, pamoja na darasa la saba na la nane. Gratuité ilisimama darasa la sita. Mtoto anafanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, anafaulu, familia inapika kuku. Septemba anarudi, mara nyingi kiwanja kile kile, bomba lile lile kama lipo, mwembe ule ule. Anavuka uwanja hadi safu ya pili ya madarasa. Mlangoni kuna meza, kwenye meza kuna daftari la risiti, na karatasi iliyobandikwa ukutani yenye saini ya mkoa inayosema la saba ni kiasi gani. Mama wa ndagala anaisoma mara mbili, anauliza kama anaweza kulipa kwa vipande, kisha anamwambia binti yake amngoje pale chini ya mti.